Barua ya wazi kwa wasimamizi wa barabara kuu: tochi za kuvizia hazipunguzi mwendokasi

Kwenu wakuu wa askari wa usalama barabarani, na mamlaka zote zenye dhamana ya barabara kuu,

YAH: NAMNA LIMITI ZA SPIDI ZINAVYOSIMAMIWA KWENYE BARABARA KUU ZA LENI NYINGI

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima zote naandika hadharani kwa sababu kule kwa siri nimeshaandika sana na sijapata kitu. Nimetuma barua, nimepiga ile namba ya malalamiko, nimejaza fomu mlizotuambia tujaze, na majibu ni yale yale tu, malalamiko yako yamepokelewa, suala lako linafanyiwa kazi, halafu kimya. Kibao nilichokiripoti kimefunikwa na matawi mpaka leo kimefunikwa. Nikaona bora niyaseme mbele ya kila mtu, na nyie mjibu mbele ya kila mtu, maana barabara ni yetu wote.

Nianze kwa kuweka jambo moja sawa ili asitokee mtu kunipotosha. Sipingi limiti za spidi, naziunga mkono kabisa, na siandiki ili niachwe nikimbize gari nitakavyo. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa spidi barabarani ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4 hivi, na mtu yeyote aliyeendesha barabara kuu muda mrefu anaelewa kwa nini. Nguvu ya mgongano haipandi sambamba na spidi, inapanda kwa mraba wake, kwa hiyo ukitoka 100 kwenda 120 umeongeza spidi kwa asilimia 20 lakini nguvu ya kugonga imeongezeka kwa asilimia 44. Chukueni gari mbili zinazofanana, moja iko 100 na nyingine 120, zikanyage breki sehemu moja kwa nguvu moja. Pale ambapo ile ya 100 imesimama kabisa, hii ya 120 ikifika hapo bado inatembea kilomita 66 kwa saa. Sasa kama hapo mbele kuna mtu anabadilisha tairi, yule wa kwanza kamkosa na wa pili kamuua. Hesabu hiyo naijua na inaninyima raha kila nikishika usukani, na ndo maana naumia kuona mnavyozisimamia hizi limiti, kwa sababu zinasimamiwa kama vile lengo ni kukamata gari na sio gari kupunguza mwendo.

Hapo ndo lilipo lalamiko langu lote, mengine yote nitakayoyasema yanatokea hapo.

1. Kuvizia.

Naomba mje siku moja msimame pembeni, bila sare, sehemu yoyote ambayo askari huwa wanakaa na tochi, yaani kile kifaa cha kupima spidi. Mtaona kitu. Gari zinakuja kwa kasi, leni ya kulia na ya kushoto, halafu kuna mmoja anawashiwa taa na anayetoka upande wa pili, anashtuka, anakanyaga breki, wa nyuma yake naye anakanyaga, zile taa nyekundu zinawaka mstari mzima, na kama nyuma kuna lori lenye mzigo basi dereva wake anahangaika hapo kutafuta pa kwenda. Wanapita pale mlipo wote wametulia kwenye 80, wapole kabisa. Wakishaiona tochi kwenye kioo cha nyuma tu, mguu unarudi kwenye mafuta, na wengine wanakimbia kuliko mwanzo ili kufidia muda walioupoteza. Kwa hiyo mmepata mita mia chache za utulivu, tena utulivu uliokuja na breki za ghafla, na kilomita zote zilizobaki hamna mtu anayezisimamia.

Na sehemu zenyewe mnazochagua. Mwisho wa mteremko mrefu pale ambapo gari yoyote inajivuta yenyewe, au hatua chache tu baada ya limiti kushuka kutoka 100 kwenda 70, au nyuma ya gari iliyoegeshwa. Sisemi kwenye mteremko watu waachwe, mteremko unaua. Nachouliza ni kwamba zile kona na makutano ambapo kila mara tunaona vioo vilivyovunjika na alama za tairi, mbona hatuwaoni huko? Sehemu ya kuweka tochi ilitakiwa ichaguliwe na rekodi ya ajali. Kama mnayo hiyo rekodi na ndo mnayoitumia, iwekeni wazi tuione, maana kwa macho yetu inaonekana sehemu inachaguliwa kwa urahisi wa kunasa.

Kamera ya sehemu moja kwa asili yake inapima sehemu moja, hilo halina ubishi. Maurice Gatsonides, yule Mholanzi aliyeshinda mbio za magari za Monte Carlo mwaka 1953 na ambaye jina lake liko kwenye kamera za spidi za Gatso mpaka leo, alianza na kifaa cha kupima spidi yake mwenyewe kwenye kona ili ajue wapi anaweza kuongeza. Kilikuwa chombo cha kupima kona. Mkikichukua mkategemea kisimamie kilomita 200 za barabara mnakionea.

Dawa yake ipo na sio ya jana. Kupima wastani wa spidi kwa kipande. Kamera moja inasoma namba ya gari mwanzo wa kipande, nyingine inaisoma mwisho, kompyuta inagawa umbali kwa muda, basi. Kipande cha kilomita 10 ukienda 100 unatumia dakika 6. Ukitokea upande wa pili baada ya dakika 5 umekwenda wastani wa 120, na hamna breki ya mwisho itakayokusaidia, na hamna kuwashiana taa kutakakosaidia mtu. Austria walifunga mfumo huo kwenye handaki la Kaisermühlen kule Vienna mwaka 2003. Italia nao wakaanza na wa kwao, unaitwa Tutor, kwenye barabara zao kuu mwaka 2005. Scotland wakaweka kwenye barabara ya A9 kati ya Dunblane na Inverness mwezi Oktoba 2014, na hapo nawasifu kwa kitu kimoja cha ziada, siku hizo hizo walipandisha limiti ya malori makubwa kwenye sehemu ambazo barabara haijagawanywa katikati kutoka maili 40 kwenda maili 50 kwa saa, kwa sababu waliona lori linalotambaa linatengeneza foleni nyuma yake na foleni inazaa watu wa kuovateki kwa hasira. Yaani walibana upande mmoja na wakasikiliza upande mwingine. Dereva akiona amesikilizwa anatii tofauti kabisa.

2. Vibao.

Huwezi kumhukumu mtu kwa kibao ambacho hakioni. Hili halihitaji maneno mengi lakini ndilo linaloniudhi zaidi maana ni la bei rahisi kuliko yote. Kuna vibao vimefunikwa na matawi, kuna vilivyopauka mpaka huwezi kujua kama ni 80 au 60, kuna vilivyogongwa na gari vikainama vinatazama mtaroni. Kuna sehemu unaingia barabara kuu kutoka barabara ya mchepuo na kwa mwendo mrefu sana hukuti kibao hata kimoja cha kukwambia uko kwenye limiti ipi, halafu wa kwanza kukwambia ni askari. Na kile kibao cha kuonyesha limiti imeisha mara nyingi hakipo kabisa, kwa hiyo mmoja anaendelea na 50, wa nyuma yake ameshaamua imeisha yuko 110, na tofauti hiyo ya spidi kati ya gari mbili kwenye leni moja nayo ni hatari kubwa.

3. Limiti isiyo na sababu inaua heshima ya limiti zote.

Waheshimiwa hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Matengenezo ya barabara. Kibao cha 50, koni zimepangwa, tunapunguza wote, sawa kabisa, kuna vijana wanafanya kazi pale hatua chache kutoka kwenye matairi yetu na wana haki ya kurudi nyumbani. Lakini usiku wa manane, au wiki nzima baada ya kazi kuisha, kibao bado kipo, koni zimebaki tatu, hamna mtu, hamna mashine, lami imeshakauka, na gari zinapita 100 kila mtu anakidharau kile kibao. Mnajua mnachowafundisha watu hapo? Mnawafundisha kwamba kibao cha 50 hakina maana. Siku fundi akiwepo kweli ameinama anachora mistari, dereva yule yule anakuja na mazoea yake. Kwa hiyo kibao kilichoachwa bila sababu sio uzembe mdogo wa kusahau kubeba vyuma, kinamuweka kwenye hatari mtu wa kesho.

Nchi zilizofikiria hili zimeifanya limiti iseme sababu yake. Ufaransa kwenye barabara kuu za magari ni 130 na mvua ikinyesha ni 110, na dereva hahitaji kuelezwa, anaona wipa zinafanya kazi anajua. Uingereza barabara ya M1 ilifunguliwa 1959 haina limiti, ile ya maili 70 ikaja Desemba 1965 kama majaribio baada ya ajali mbaya za magari mengi kwenye ukungu, na 1967 ikawa ya kudumu. Kwenye M25, barabara kuu inayoizunguka London, wakaanza mwaka 1995 limiti zinazobadilika kulingana na wingi wa magari, kibao kinakwambia 50 kwa sababu mbele kuna msongamano, ukifika unaukuta kweli msongamano, siku nyingine unakiamini.

Na mfano wa kinyume upo pia. Marekani 1974 waliweka maili 55 kwa nchi nzima, sababu ikiwa ni shida ya mafuta. Barabara zile zilijengwa kwa mwendo mkubwa zaidi, watu hawakuikubali, ikadharauliwa waziwazi, madereva wa malori wakawa wanapeana taarifa kwa redio za CB, zile redio za mawasiliano za ndani ya gari, askari yuko wapi, na ile limiti ya taifa ikafutwa 1995. Zile taa tunazowashiana leo barabarani zinatokana na kitu hicho hicho. Madereva hawawashiani taa kwa sababu wanapenda ajali, wanawashiana kwa sababu wameona askari kama mtu wa upande wa pili. Mkitaka waache hamtawatisha kwa faini wakaacha, warudishieni imani kwamba limiti iliyoandikwa pale ina maana.

4. Kusimamisha gari kwa mkono kwenye barabara ya kasi.

Hili naliandika kwa uchungu na naomba askari wenyewe walisome maana ni maisha yao.

Gari iliyo kwenye 120 inakata mita 33 kila sekunde. Dereva wa kawaida akishtuka anatumia sekunde moja au zaidi kabla mguu haujafika kwenye breki, kwa hiyo mita 33 zimeshapita kabla hajaanza hata kupunguza. Sasa kijana mwenye sare, pengine saa ya jua kali linalompiga dereva usoni, anatoka pembeni anaingia nusu ya leni ananyoosha mkono asimamishe gari ambayo mmeshaipima nyie wenyewe kwamba iko kasi kupita kiasi. Yaani mmethibitisha kwa kifaa kwamba hii gari haiwezi kusimama kwa wakati, halafu mnamtuma mtu asimame mbele yake! Nimeona kwa macho askari anaruka kurudi nyuma ya reli ya pembeni na gari inapita ikiyumba, wa nyuma yake akahama leni bila kuangalia kioo, na kwa sekunde kadhaa kila mtu pale barabarani alikuwa anaomba Mungu wake. Tulipita salama, lakini ile ilikuwa bahati.

Na gari ikishasimama shida haijaisha, imeegeshwa kwenye bega la barabara, dereva ameshuka, askari ameinama dirishani, malori yanapita pembeni upepo wake unawatikisa wote wawili. Mazungumzo yanachukua muda. Kila dakika pale ni ya hatari. Na sitazunguka, kusimama pembeni watu wawili peke yao na kitabu cha faini ndo mahali pa maelewano, kila mtu analijua hili na kila mtu anakaa kimya. Notisi ikitumwa kwa mwenye gari ikiwa na picha, hakuna wa kumsimamisha na hakuna wa kuelewana naye.

5. Ushahidi.

Nilisimamishwa, nikaonyeshwa kifaa kina namba, hamna picha, hamna namba ya gari, hamna saa, namba tu. Nikauliza kwa upole kabisa naomba kujua hii ni gari yangu au ya yule aliyekuwa ananiovateki, nikajibiwa kama unabisha twende ukabishie mbele. Sikuwa nabisha, nilikuwa nauliza.

Na swali lina msingi. Radar ya mkononi inatuma mawimbi yanayotanuka kadri yanavyokwenda mbali, na kama kuna gari ndogo na lori kwa pamoja, lori lenye bati kubwa linarudisha mawimbi mengi zaidi, kwa hiyo namba inayosomeka inaweza isiwe ya yule uliyemlenga. Tochi ya leza inabagua vizuri zaidi, inachagua gari moja, ila inahitaji mkono uliotulia na mlengo sahihi. Vyote vinahitaji kupimwa usahihi wake kila baada ya muda na cheti kiwepo. Wakuu, sisi hatujawahi kuonyeshwa hicho cheti.

Msiseme mitambo haikosei. Melbourne kule Australia kwenye Western Ring Road mwaka 2003 kamera za kufungwa zilimrekodi mtu mwenye Datsun 120Y, kigari cha zamani kabisa, kwamba alikuwa anakwenda kilomita 158 kwa saa. Gari ikapelekwa kupimwa, haikuweza kufika hata 120. Uchunguzi ukafanyika, kamera zikasimamishwa, na serikali ikarudisha pesa kwa maelfu ya madereva waliotozwa. Naukumbusha mfano huu kwa heshima, kwa sababu wale waliokosea walikubali kupimwa upya, na ndo kitu pekee ninachokiomba kwenye kipengele hiki. Dereva akibisha kuwe na mtu wa kumsikiliza ambaye hayuko chini ya yule aliyemkamata.

Na notisi ifike mapema. Uingereza sheria inataka onyo la kushtakiwa litumwe kwa mwenye gari ndani ya siku 14 kama hakuambiwa pale pale. Sio mtu anakuja kugundua ana faini za miezi mingi nyuma siku anakwenda kushughulikia karatasi za gari, hakumbuki hata alikuwa anaendesha nani, na katika miezi yote hiyo hakujifunza kitu maana hakujua kama amekosea.

6. Kiasi cha kuvumilia.

Semeni ni kiasi gani. Ujerumani wanakata kilomita 3 kama spidi iliyosomwa iko chini ya 100, na asilimia 3 ikizidi hapo, na kila dereva anajua. Kwetu sisi leo umepita na 4 juu ya limiti unaachwa, kesho mwingine na 2 anaandikiwa. Na wenzangu madereva pia niwaambie, kile kisingizio cha spidomita yangu inanidanganya hakina nguvu, kanuni ya Umoja wa Mataifa ya spidomita inakataza isisome chini ya spidi halisi, inaruhusiwa kuzidisha tu. Kama dashibodi imeandika 120 inawezekana uko 115, haiwezekani uko 130.

7. Wasioguswa.

Misafara, gari za wakubwa, na gari za serikali ambazo hazina dharura yoyote, zinatupita kwenye 140 na zaidi, na tochi iko pale pale na haiamki. Ambulansi na zimamoto tunawapisha kwa moyo mweupe. Hawa wengine wana haraka gani? Mtoto aliyeko kiti cha nyuma cha gari yangu anaona na anauliza, na sina cha kumjibu. Halafu kuna mwenye uwezo ambaye faini kwake ni kama nauli, analipa na anaendelea. Finland na Uswisi wanapandisha faini ya mwendokasi mkubwa kulingana na kipato cha mtu, mtalitazama wenyewe hilo, ila angalau kwa mwenye kurudia rudia tumieni pointi za leseni, kwa sababu pointi zinamuuma tajiri na masikini sawasawa.

Sasa najua majibu mliyonayo, nimeshayasikia.

Mtasema hamna bajeti ya kamera za wastani. Sikubaliani moja kwa moja, lakini hata tukikubali, kukata matawi kwenye kibao hakuhitaji mradi, kuondoa koni za matengenezo yaliyoisha hakuhitaji mkopo, kutangaza kiasi cha kuvumilia kunahitaji karatasi moja tu. Anzeni huko wakati mnatafuta hizo pesa.

Mtasema tukionyesha kamera zilipo watapunguza hapo hapo tu. Kamera ya sehemu moja ndiyo, na nimeshasema hivyo mwenyewe hapo juu. Lakini kama ile sehemu moja ni kona inayoua, kupunguza hapo hapo tu ndo tunachokitaka. Ufaransa walipoanza kufunga radar za kujiendesha mwaka 2003 waliweka vibao vya kuwaonya watu kabla hawajafika. Uingereza kamera wamezipaka njano zionekane kwa mbali. Hao sio wajinga, walijua wanataka nini.

Mtasema madereva wetu ni wakaidi, bila kuviziwa hawatii. Wakaidi wapo, tena wengi, na wengine wanakuja kunikalia nyuma mita chache tu kwenye 110 wakiniwashia taa nihame, na huyo anayebana nyuma kwa nini tochi haimuoni kabisa? Yeye spidi yake ni sawa na yangu, yuko ndani ya limiti, lakini nikigusa breki tumekwisha wote. Mkaidi hasimamiwi kwa mtu kujificha nyuma ya lori, mkaidi anasimamiwa na uhakika kwamba popote atakapokimbiza atajulikana. Kuvizia kunampa nafasi ya kubahatisha, na mkaidi anapenda kubahatisha.

Mtasema kamera za wastani zinaingilia faragha za watu maana zinasoma namba ya kila gari hata isiyo na kosa. Hilo ni la kweli na nalichukulia kwa uzito. Jibu lake ni kufuta kumbukumbu ya asiye na kosa mara tu hesabu inapokamilika, na iandikwe hivyo kwenye sheria na sio kwenye ahadi ya mkuu fulani.

Na kwa madereva wenzangu mtakaosoma hapa mkaniambia mbona Ujerumani wanakimbia bila limiti na wako salama, tafadhali. Sehemu kubwa ya zile barabara zao iko wazi ndiyo lakini kuna sehemu nyingi zina limiti na zinasimamiwa, na hata kwenye zilizo wazi kuna spidi inayopendekezwa ya 130 tangu 1978, na kule hakuna kuovateki kwa upande usio wake wala kujikalia tu leni ya haraka. Msichukue kipande kimoja cha nidhamu ya watu mkaacha vingine.

Ninachoomba, waheshimiwa, ni hiki.

Mkague vibao vyote vya spidi kwenye barabara kuu, kila kilichofichwa kifunuliwe, kilichokufa kibadilishwe, na kuanzia leo asiandikiwe mtu faini sehemu ambayo kibao chake hakisomeki. Mkitaka picha za nilivyoviona ninazo na nitazitoa.

Mtoe kwa umma orodha ya sehemu za tochi na kamera pamoja na sababu ya kila moja, ajali ngapi na za aina gani zimetokea hapo.

Kipande kimoja, kile kibaya kuliko vyote, kifungiwe kamera za wastani kwa majaribio ya mwaka mmoja, hesabu za ajali kabla na baada ziwekwe wazi hata kama zitanionyesha mimi nimekosea.

Mkomeshe kabisa kusimamisha gari kwa mkono ndani ya leni za barabara ya kasi. Kabisa. Hili msilisubirie kikao.

Kila faini iwe na picha, namba ya gari, saa, sehemu, limiti ya hapo na namba ya kifaa kilichopima, na cheti cha usahihi wa kile kifaa mtu akikiomba akipate.

Na pesa za faini zinakokwenda zitajwe. Zikionekana zimekwenda kwenye reli za pembeni, kwenye vibao na kwenye taa za makutano, malalamiko kwamba tochi ni mradi wa kukusanya pesa yatakufa yenyewe bila nyie kuyajibu.

Nategemea jibu la maandishi la kipengele kwa kipengele, sio lile la suala lako linafanyiwa kazi, na kipengele mtakachokikataa mseme mmekikataa kwa sababu gani ili tujadiliane. Nipo tayari kuja kukaa nanyi mezani siku na saa mtakayoitaja, na nipo tayari pia kumchukua afisa wenu yeyote kwenye gari yangu tupite wote hiyo barabara, nimuonyeshe kibao kwa kibao.

Kwa heshima,

Dereva wa kila siku wa barabara kuu